Bomba la hewa: Kiungo duni kinachoamua hatima ya ndege ya kujijengea

NDEGE ndogo zinazoondoka uwanja wa Wilson kuelekea Maasai Mara ni sehemu ya maisha ya kila siku kwa wakazi wa magharibi mwa jiji la Nairobi. Watoto wa Kibera na Kawangware huzihesabu zinapopita. Mafundi wa Riruta Satellite huinua macho kidogo, kisha hurejelea kazi yao ya kuchomelea milango ya vyuma na kufungua injini za matatu.

Ni nadra fundi wa injini kuitazama ndege bila kujiuliza swali moja: Je, injini ya gari haiwezi kuirusha ndege?

Jibu ni kwamba inaweza, na imekwisha kufanya hivyo mara nyingi duniani. Hata katika eneo letu hili la Afrika Mashariki, fikra hiyo si ngeni. Mnamo mwaka wa 2010, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, alivuma katika vyombo vya habari vya Kenya kwa kujijengea ndege iliyotumia injini ya gari la Toyota. Mwaka uliofuata, Chris Nsamba wa Uganda aliwaonyesha wanahabari ndege ambayo yeye na wenzake walikuwa wakiijenga katika ua wa nyumba ya mamake mtaani Ntinda, Kampala.

Aghalabu habari za wavumbuzi wa aina hii huishia kwenye picha ya mabawa na propela. Msomaji haelezwi ni nini hasa huifanya injini iliyoundiwa barabara ifae au isifae angani. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo kwa kukitazama kiungo kimoja tu ambacho wengi hukidharau, yaani bomba linaloingiza hewa ndani ya injini. Tutatumia mfano wa injini ya rota, ambayo wajenzi wengi wa ndege za nyumbani, hasa nchini Marekani, wameipendelea kwa miongo kadhaa.

Injini isiyo na pistoni

Kwanza ni sharti tutenganishe mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia kulikuwa na injini za ndege ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na propela. Maarufu miongoni mwazo ilikuwa Gnome ya Ufaransa. Katika injini hiyo hewa iliingia kwa kupitia ndani ya shafti yenyewe, ambayo ilikuwa na uwazi mfano wa mwanzi.

Injini hizo ziliwahi kufika pwani yetu. Mapema mwaka wa 1915, Waingereza walileta ndege za majini za Sopwith, zenye injini za Gnome za nguvu farasi 100, ili kuisaka manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya mto Rufiji. Ndege hizo zilishindwa kupaa ipasavyo katika joto na unyevu wa pwani. Ilibidi ziletwe nyingine, na manowari hiyo ikaangamizwa Julai 11, 1915 kwa msaada wa ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Somo la Rufiji ni lile lile tutakaloliona Riruta: injini iliyofanya kazi vyema Ulaya inaweza kudhoofika barani Afrika kwa sababu tu ya hewa inayovuta.

Injini ya rota tunayoizungumzia hapa ni nyingine. Ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza ilizunguka katika kiwanda cha NSU mnamo 1957. Badala ya pistoni zinazopanda na kushuka, ina rota yenye pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Haina valvu. Rota yenyewe, inapopita, hufunua na kufunika tundu la kuingizia hewa, mithili ya mtu anayepitisha kiganja juu ya mdomo wa chupa.

Kampuni ya Mazda ya Japani ndiyo iliyoendeleza injini hii kuliko nyingine yoyote, kuanzia gari la Cosmo Sport la mwaka wa 1967 hadi RX-8 iliyokoma kutengenezwa mwaka wa 2012. Injini inayotafutwa sana na wajenzi wa ndege ni ile iitwayo 13B, yenye rota mbili.

Sababu ya kupendwa kwake ni rahisi. Ndani yake mna vitu vitatu vikuu tu vinavyozunguka: rota mbili na shafti moja. Hakuna mkono wa pistoni wa kukatika wala valvu ya kuvunjika. Ikiharibika, mara nyingi hupoteza nguvu polepole badala ya kukwama ghafla. Kwa rubani aliye juu ya mapaa ya watu, tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini hapo ndipo wengi wanapokosea. Uimara wa injini haumaanishi uimara wa ndege. Injini hununuliwa ikiwa kamili kutoka kiwandani, ilhali mfumo wa mafuta, wa kupoza na wa hewa hutengenezwa na mjenzi mwenyewe, kwa mikono yake, kwa mara ya kwanza maishani. Basi udhaifu wa chombo kizima huhamia katika viungo hivyo.

Mitungi sita na nusu kila sekunde

Injini ya 13B huandikwa kuwa na ujazo wa sentimita 1,308, yaani lita 1.3. Tarakimu hiyo humpotosha fundi aliyezoea pistoni. Injini ya kawaida ya pistoni huvuta hewa sawa na ujazo wake kila baada ya mizunguko miwili ya shafti. Injini ya rota huvuta ujazo wake wote katika kila mzunguko mmoja. Kwa hiyo, kwa mintarafu ya hewa, 13B ni sawa na injini ya pistoni ya lita 2.6 inayozunguka kwa kasi ile ile.

Ndege ya 13B inapoondoka ardhini, aghalabu shafti yake huwa inazunguka mara 6,000 hivi kwa dakika, kisha gia huipunguza kasi hiyo hadi chini ya nusu ili propela isizidi kiwango chake. Kwa mizunguko hiyo, injini humeza lita 131 za hewa kila sekunde.

Msomaji anayewajua wauza maji wa Kawangware na mikokoteni yao atalielewa jambo hili mara moja. Lita 131 ni mitungi sita na nusu ya lita 20. Hebu fikiria kuimimina yote, kila sekunde, bila kupumzika, kupitia mabomba mawili yanayoweza kushikwa kwa kiganja.

Ukubwa wa bomba ndio uamuzi wa kwanza. Kila rota huvuta nusu ya hewa hiyo, yaani lita 65 na ushei. Bomba lenye kipenyo cha milimita 50 litaipitisha kwa mwendo wa wastani wa mita 33 kwa sekunde. Likiwa la milimita 38, mwendo hupanda hadi mita 58 kwa sekunde, na hapo hewa huanza kupoteza nguvu nyingi kwa kusuguana na kuta na kwa kujikunja kwenye kona. Bomba likiwa pana kupita kiasi nalo lina hasara yake, kwa kuwa hewa huenda polepole, hupoteza msukumo, na mawimbi tutakayoyaeleza hivi punde hudhoofika.

Kona nazo zina gharama. Pindo la ghafla, kama la kiungo cha bomba la maji ya nyumbani, huizuia hewa. Pindo pana huipitisha vizuri zaidi. Vilevile mdomo wa bomba haufai kuachwa umekatwa wima. Hutanuliwa kama mdomo wa tarumbeta ili hewa iingie bila kuchanika ukingoni.

Wimbi ndani ya bomba

Sasa tuje kwenye urefu. Mtu anaweza kudhani kwamba bomba fupi ndilo bora, kwa kuwa linampa hewa safari fupi. Hali sivyo ilivyo.

Hewa ina uzito, na kila kitu chenye uzito kikiwa mwendoni hakipendi kusimama ghafla. Rota inapofunua tundu na kuanza kuvuta, wimbi la mnyonyo husafiri kutoka tunduni hadi ncha ya nje ya bomba kwa kasi ya sauti. Likifika penye uwazi hugeuka na kurudi, na linaporudi huwa limebadilika tabia: lilikwenda kama mnyonyo, linarejea kama msukumo.

Maadamu urefu wa bomba umepimwa sawasawa, msukumo huo hufika tunduni muda mfupi kabla ya rota kulifunika, ukashindilia hewa ya ziada ndani ya chumba. Bomba likiwa refu mno, msukumo hukuta mlango umefungwa. Likiwa fupi mno, hufika mapema, na hewa iliyoshindiliwa hupata nafasi ya kurudi nje kabla mlango haujafungwa.

Hii ndiyo maana magari ya mashindano huhangaika sana na urefu wa mabomba. Mazda iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka wa 1991 kwa gari la 787B, injini yake ya rota nne ilikuwa na mabomba ya hewa yaliyorefuka na kufupika yenyewe kulingana na mizunguko. Gari hupunguza na kuongeza kasi kila mara, hivyo urefu mmoja haulitoshi.

Ndege, kwa bahati njema, haina tabia hiyo. Tangu inapoanza kukimbia uwanjani hadi inapofika kimo chake, injini hukaa karibu na kiwango kimoja cha mizunguko. Fundi wa ndege basi hana haja ya mitambo inayosogea. Bomba moja lisilobadilika, likichaguliwa kwa busara, humtosha. Lakini ni sharti achague ni wakati gani anataka nguvu zaidi, na jibu la busara ni wakati wa kuondoka ardhini. Huko juu, upungufu wa nguvu ni kuchelewa kufika. Mwishoni mwa uwanja, upungufu huo huo ni msiba.

Hesabu ya urefu

Hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya elimu ya sekondari. Katika injini nyingi za 13B za magari ya barabarani, tundu hufunuliwa takriban digrii 32 baada ya chumba kuwa kidogo kabisa, na hufunikwa digrii 40 hivi baada ya chumba kuwa kikubwa kabisa. Mnyonyo huwa mkali zaidi katikati ya kipindi cha kuvuta. Kutoka hapo hadi tundu lifungwe, shafti huzunguka takriban nusu ya mzunguko.

Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, nusu mzunguko huchukua sehemu tano za elfu za sekunde. Katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Katika muda huo mfupi, basi, wimbi litasafiri mita 1.72. Kwa kuwa ni safari ya kwenda na kurudi, bomba litakuwa na nusu ya urefu huo, yaani sentimita 86.

Fundi akipendelea mizunguko 7,000, bomba litafupika hadi sentimita 74 hivi. Akiridhika na 5,000, litarefuka hadi sentimita 103. Urefu huo huhesabiwa tangu ndani ya injini, pale rota inapofunika tundu, wala si tangu bamba la nje ambalo bomba hufungwa kwa nati. Wanaosahau njia hiyo ya ndani hujikuta na bomba refu kupita walivyokusudia.

Kuna njia ya pili, inayofaa pale ambapo nafasi ni finyu. Rota mbili za 13B hupishana kwa nusu mzunguko. Tundu la rota moja linapofunuliwa, gesi iliyosalia ndani hutoa kishindo cha msukumo kuelekea nje. Kishindo hicho kikielekezwa kwenye tundu la rota ya pili, ambalo wakati huo limebakisha takriban robo ya mzunguko kabla ya kufungwa, kitaisaidia kushindilia hewa. Kwa mizunguko 6,000, safari nzima kutoka tundu hadi tundu huwa sentimita 86, yaani sentimita 43 kwa kila upande. Mazda yenyewe iliitumia mbinu ya aina hii katika RX-7 ya kizazi cha pili, katikati ya miaka ya 1980.

Njia hizi mbili hazichanganywi ovyo. Ile ya kwanza huhitaji mabomba yaishie katika sanduku kubwa la hewa, ili wimbi lidhani limefika nje. Ile ya pili huhitaji kiungo kidogo kati ya mabomba mawili, ili kishindo kisipotee njiani.

Hewa nyepesi ya Dagoretti

Hapa ndipo Riruta Satellite inapoingia katika hesabu. Hatua chache kutoka hapo, Dagoretti Corner kando ya Barabara ya Ngong, ndiko makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga. Kituo chake kiko mita 1,798 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, shinikizo la hewa ni takriban milibari 820, ilhali Mombasa ni milibari 1,010 hivi.

Ubaridi wa Nairobi hurudisha sehemu ya kilichopotea, kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko hewa moto. Hata hivyo, tukilinganisha hewa ya nyuzi 20 hapa na ya nyuzi 30 Mombasa, kila lita ya hewa ya Riruta ina takriban asilimia 84 tu ya uzito wa lita ya pwani. Injini inayotoa nguvu farasi 160 Mombasa itatoa 134 hivi ikiwa hapa. Wilson, ulioko mita 1,690 juu ya bahari, hauko mbali na hali hiyo. Mabawa na propela nazo hudhoofishwa na hewa hiyo hiyo nyepesi, hivyo ndege huhitaji uwanja mrefu zaidi kwa wakati ule ule ambapo nguvu zimepungua.

Je, bomba la Riruta liwe tofauti na la Mombasa? La kushangaza ni kwamba halibadiliki sana. Kasi ya sauti hutegemea joto la hewa, wala si shinikizo lake. Tofauti ya nyuzi kumi kati ya miji hiyo miwili hubadilisha urefu kwa chini ya sentimita mbili. Anayeuza siri ya "bomba maalumu la nyanda za juu" anauza hewa.

Ni muhimu pia tusilipe bomba sifa lisizostahili. Urefu uliopimwa vyema huongeza asilimia kadhaa za nguvu katika eneo jembamba la mizunguko. Hauwezi kulipa deni lote la asilimia 16. Dawa yake ni injini kubwa zaidi, ndege nyepesi zaidi, au mtambo wa kushindilia hewa ambao nao huleta joto na matatizo yake.

Joto, adui aliye karibu

Wengi hutumia miezi wakibishana kuhusu sentimita, kisha huiacha injini ivute hewa kutoka chini ya kifuniko chake yenyewe. Hilo ni kosa ghali kuliko yote tuliyoyataja.

Tuchukulie hewa ya nje ina nyuzi 20, na iliyo chini ya kifuniko ina nyuzi 50. Hewa hiyo moto ni nyepesi kwa takriban asilimia 9. Faida yote ya bomba lililopimwa kwa hesabu za makini inaweza kumezwa na kosa hilo moja, na salio likabaki.

Katika 13B tatizo hili ni kubwa zaidi kwa sababu ya maumbile yake. Matundu ya hewa na ya ekzosi yako upande mmoja wa injini, ya hewa juu, ya ekzosi chini. Gesi za ekzosi za injini ya rota huweza kuzidi nyuzi 900. Mjenzi hulazimika kupitisha bomba la hewa baridi, na mara nyingi la mafuta pia, juu ya tanuri. Ngao ya bati kati ya viwili hivyo, yenye nafasi ya hewa kupita pande zote mbili, si pambo.

Mdomo wa bomba uelekezwe mbele, penye hewa safi. Ndege inayokwenda kilomita 185 kwa saa hupata msukumo wa bure wa takriban milibari 13, ambao ni kama asilimia moja na nusu ya shinikizo la Nairobi. Ni kidogo, lakini hauna gharama. Kubwa ni ule ubaridi wa hewa yenyewe.

Ufa, vumbi na barafu

Mpaka hapa tumezungumzia nguvu. Lililo zito zaidi ni usalama, kwani bomba lenye kasoro haliondoi asilimia chache tu, bali linaweza kuizima injini.

Ufa ndio wa kwanza. Bomba refu la alumini lililofungwa upande mmoja hutikisika kama tawi. Penye ungio la kuchomelea, chuma huchoka na kupasuka. Ufa ukitokea kati ya bamba la kipepeo linalodhibiti hewa na injini, hewa isiyopimwa huingia, mafuta hupungua kwa kulinganisha, na mwako hugeuka kuwa mlipuko wa kugonga. Katika injini ya rota, kinachovunjika kwanza aghalabu ni kizibio cha ncha ya rota, na kikivunjika nguvu hutoweka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Angani hakuna wasaa wa kujenga ukuta.

Kwa hiyo bomba hushikiliwa kwa mkono wa chuma unaofungwa kwenye injini yenyewe, si kwenye fremu ya ndege, ili vitikisike pamoja. Pale mipira inapounganisha vipande, ncha za bomba hutiwa ukingo ulioinuka ili mpira usichomoke, na mipira huwa ya silikoni inayostahimili joto. Mabomba ya plastiki ya maji, ambayo hupatikana kwa urahisi katika kila duka la vifaa vya ujenzi, hayafai kamwe. Hulainika kwa joto na kujikunja.

Vumbi ni la pili. Viwanja vingi vidogo vya Kenya ni vya udongo na changarawe, na injini inayomeza mitungi sita na nusu kwa sekunde haichagui imezacho. Kichujio kiwe kikubwa, na kusiwe na nati wala bizimu yoyote baada yake inayoweza kulegea. Nati ndogo iliyomezwa na rota humaliza safari.

Barafu ni ya tatu, na huwashangaza wengi wanaodhani kwamba katika Ikweta hakuna barafu. Injini inayotumia kabureta hupoza hewa yake kwa makumi ya nyuzi mafuta yanapogeuka mvuke. Asubuhi ya Julai jijini Nairobi, yenye ukungu na manyunyu, ni mazingira kamili ya barafu kuganda kooni mwa kabureta hata kama nje hakuna baridi kali. Ndege za kawaida zenye kabureta huwa na mlango wa kuingiza hewa moto kwa dharura. Mjenzi wa nyumbani anayetumia kabureta hana budi kuuweka. Atumiaye injekta karibu na tundu hupunguza hatari hiyo, ila bado anahitaji njia ya pili ya hewa iwapo kichujio kitaziba.

Kujaribu kabla ya kuruka

Hesabu zilizotolewa hapa ni mwanzo tu. Pinda la bomba, umbo la sanduku na joto halisi hubadilisha matokeo. Ndiyo maana fundi mwenye busara huanza na bomba refu kuliko hesabu, huifunga ndege kwa kamba kwenye nguzo imara, huwasha injini kwa nguvu zote na kupima mizunguko ambayo propela ile ile inafikia. Hupunguza sentimita mbili au tatu, akapima tena. Bomba hukatwa, halirefushwi.

Joto la hewa hupimwa ndani ya sanduku, injini ikiwa imekwisha kupata moto, si asubuhi inapoanza. Uvujaji hutafutwa kwa kuziba ncha zote, kutia hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio, kama afanyavyo fundi wa baiskeli kando ya barabara. Povu likichipuka, kazi haijaisha.

Sheria nazo zipo. Nchini Kenya, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) ndiyo inayosajili ndege na kuamua iwapo inafaa kuruka. Kuruka bila idhini ni kosa, hata kama ndege ni kazi ya mikono yako na shamba ni lako. Marekani, ambako ujenzi wa nyumbani umeenea tangu miaka ya 1950, ndege mpya yenye injini na propela zilizoidhinishwa kwa pamoja aghalabu hujaribiwa kwa saa 25 katika eneo lililotengwa. Yenye injini ya gari huhitaji saa 40. Tofauti hiyo ya saa 15 haitokani na chuki dhidi ya wavumbuzi, bali na kumbukumbu ya yaliyotokea.

Kuna ugumu mwingine ulio wetu. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yaliyozidi umri wa miaka minane, na RX-8 ya mwisho ilitengenezwa 2012. Tangu 2020 mlango huo umefungwa, hivyo anayeitaka 13B hana budi kuiagiza kama injini pekee au kuitafuta katika magari machache yaliyokwisha kuingia nchini. Hata hivyo, kanuni tulizozieleza hazibagui. Hewa baridi, bomba lisilo na ufa na urefu wenye hesabu humfaa pia atumiaye injini ya pistoni ya Toyota au Subaru, ingawa tarakimu zitakuwa nyingine.

Wilson una jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mnamo 1929, wakati ambapo ndege nyingi zilikuwa za mbao na kitambaa na marubani walijifunza kwa makosa. Siku hizo chini ya njia ya ndege nyumba zilikuwa chache. Leo kuna Kibera, yenye maelfu ya mapaa ya mabati yaliyobanana, na chini ya kila paa kuna familia.

Fundi wa Riruta Satellite anayeota ndoto ya kuruka hapaswi kuchekwa. Ustadi wa kuchomelea anao, na hesabu za bomba haziwezi kumshinda. Anachodaiwa ni mpangilio: kwanza bomba lisilopasuka, pili hewa iliyo baridi na safi, tatu ndipo sentimita za urefu. Anayeanza na la tatu anaweza kupata nguvu farasi kadhaa zaidi, lakini wanaoishi chini ya njia yake ndio watakaobeba gharama ya la kwanza.